Gari Mbili na Mama Mkwe

Kwetu mkwe hakaribiwi. Siwezi kusema desturi hii inamfaa kila mtu, na elimu yangu iliishia darasa la saba, lakini tangu nioe sijawahi kumpa mama mkwe mkono. Nikifika kwake Butiama, yeye anaingia jikoni, mimi nabaki uani, maneno yanapitia kwa mke wangu.

Kwa hiyo alipopata mtoto wa jicho, na daktari wa Bunda akasema atapasuliwa jicho moja kisha jingine na awe anarudi kila mwezi, shida haikuwa macho tu. Nani atampeleka? Alikuwa amefika mahali basi likija analiona kama nyumba inayotembea. Ninauza mabati mjini, mtaa wa Mukendo, na nilikuwa nimejibana muda mrefu. Nikaamua kununua gari.

Dalali alinionyesha mbili. Moja ndogo, nyeupe, ya kawaida, spea zake zipo kila duka. Nyingine nyeusi, ya kifahari, siti za ngozi. Lazima niitendee haki ile nyeusi: ilikuwa gari kweli. Nilipofunga mlango, makelele yote ya Mukendo yalibaki nje. Na nyuma palikuwa papana, mtu anakaa kama yuko chumba kingine na dereva. Nikasema moyoni, hii ndiyo ya kumbebea mkwe. Kwenye ile ndogo magoti yake yangenigusa mgongo kupitia siti. Niliona aibu kabla haijatokea.

"Inakunywa mafuta kiasi gani?" mke wangu akamuuliza dalali.

"Mama, ng'ombe mkubwa halishwi kwa kiganja."

"Basi kwetu huyu atafia zizini."

Nikabisha, nikataja heshima. Mke wangu hakunicheka. Alisema tumuulize mwenyewe, akampigia mama yake, akaweka spika. Mimi nikasogea pembeni, kana kwamba simu nayo ina macho.

"Muulize baba wa wajukuu zangu," sauti ikasema, "hiyo kubwa itanifikisha Bunda kila mwezi?"

Nikafikiria mafuta. Sikutaka kumdanganya. "Mwambie mwezi mwingine ndiyo, mwezi mwingine hapana."

"Na ndogo?"

"Kila mwezi."

"Sasa anauliza nini? Habari ya kukaa aniachie mimi."

Tukanunua ndogo. Dalali alipoiondoa ile nyeusi nikaisindikiza kwa macho, na sijui hata leo kama nilikosea kuitamani.

Asubuhi ya safari ya kwanza nilishuka pale Butiama, nikasimama mbali nikiangalia migomba ili apande. Niliporudi kwenye usukani, kioo cha ndani kilinionyesha maua matupu. Mama mkwe alikuwa amefunga kitenge chake cha maua kwenye vishikio vya juu ya milango ya nyuma, huku na huku, akapata chumba chake. Jambo dogo hivyo, na mimi nilikuwa tayari kununua upana! Ila sasa nyuma nilikuwa sioni. Mke wangu, aliyekaa naye, akawa ananisaidia: "Lori hilo, liache lipite." Tulikwenda hivyo miezi yote, jicho la kwanza likapasuliwa, kisha la pili.

Mwezi uliopita mtoto wetu aliamka na homa, mke wangu akabaki naye nyumbani Makoko. Nilikwenda Butiama peke yangu na wasiwasi mwingi. Nani atatuongelea? Mama mkwe akapanda, akafunga kitenge, tukaondoka. Tukaingia barabara kuu. Nilikuwa nageuza shingo kwenye vioo vya pembeni kama kuku.

Mara nyuma ya maua sauti ikasema, "Wewe gari! Kuna basi nyuma, la bluu, lina haraka. Sogea."

Nikasogea. Basi likapita na honi ndefu, na lilikuwa la bluu kweli. Mwaka huu huu basi lilikuwaga nyumba kwake.

Nikatafuta namna ya kujibu bila kumvunjia heshima. "Gari," nikasema, nikiukazia macho usukani, "mwambie mama asante. Mwambie ameona vizuri."

Kitenge kikatikisika, nadhani alikuwa anacheka.

"Gari, mwambie anayekuendesha aangalie mbele. Huku nyuma naona mimi."