Gauni la Fidea na Baiskeli ya Mama Kandida

Jamani, haya nawasimulia nikiwa nimejifunika uso kwa kanga, maana mpaka leo nikipita karibu na ukumbi ule pale Ifakara nahisi hata madereva wa bajaji wananicheka.

Nilikuwa najifunza ushonaji kwa Mama Kandida, barazani kwake jirani na soko. Kwenye nguzo ya baraza iliegemezwa baiskeli ya zamani isiyokwenda popote, kazi yake ilikuwa kupimia tu. Mteja akija, awe nani awe nani, Mama anampima kama mafundi wengine, halafu anamwambia, "Haya, panda keria," naye anakaa upande kama anayepelekwa shamba Namawala, kisha anachuchumaa, kisha ananyanyua mikono kama anapepeta mpunga, na Mama anamzunguka na futi yake akipima upya (kiuno cha mtu aliyekaa si kile cha aliyesimama, niaminini). "Nguo ya kutundika ukutani shona utakavyo," alikuwa akisema, "ya mtu, mwache mtu asogee kwanza." Nakumbuka harufu ya mafuta ya cherehani, na watu wazima na vyeo vyao wakichuchumaa pale barazani, nasi tukijificha kucheka. Sijapata tena furaha ya namna ile.

Basi binti yake, Fidea, akapata mchumba kule Kidatu, kijana wa mashamba ya miwa. Mama akaniita. "Tekla, macho yangu yamechoka. Gauni la sendofu la mwanangu, la siku tunayomuaga, shona wewe. Likimkaa vizuri, mkasi wangu ni wako." Mkasi ule! Mzito, mweusi, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuugusa. Niliuota wiki nzima.

Fidea akaja Mama akiwa hayupo, na picha kwenye simu: gauni limebana kuanzia kifuani mpaka chini ya magoti, ndipo likachanua. Nikamwambia apande keria. Akacheka mpaka akashika nguzo. "Dada Tekla, siku hiyo napanda gari lenye maua, keria ya nini?" Hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, maana badala ya kumkazania nikampima amesimama wima, tena amebana pumzi, na alipolijaribu mbele ya kioo alipendeza mpaka nikapiga naye picha. Jioni ya siku ile niliyompima, Mama alikuwa ameniuliza, "Amechuchumaa?"

"Ndiyo, Mama," nikajibu (uongo mdogo tu, nilijiambia).

Siku ikafika, na mimi kwa kupenda sifa nikamnong'oneza mshereheshaji amtangaze fundi wa gauni. Akanisimamisha, nikapunga mkono, vigelegele, nikaketi kichwa kimevimba. Fidea aliingia kwa hatua ndogondogo, watu wakasema anaringa, siku yake hii, aringe. Mimi peke yangu nilijua ni mshono.

Ikaja zamu ya kulisha keki. Na mnajua kwetu binti hamlishi mama yake akiwa amesimama, lazima apige magoti, ndiyo shukrani yenyewe, na ndicho wazee walichokaa kukingoja. Fidea akashuka kidogo, akakwama. Akajaribu upande upande, akakwama. Mshereheshaji akadhani utani, akapaza sauti: "Fundi yuko wapi? Fundi aje atusaidie!" Ukumbi mzima ukanigeukia, maana si nilikuwa nimeshajitambulisha mwenyewe? Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Fidea akaanza kulia, keki mkononi. "Mama, siwezi."

Mama Kandida akainuka taratibu, akafungua mkoba, akatoa mkasi. Akamfunga mwanawe kanga kiunoni, akapitisha mkono kwa ndani, akafumua mshono wangu kutoka magotini hadi mapajani, ametulia kama yuko barazani kwake. "Haya, piga magoti, mwanangu." Fidea akapiga magoti, akamlisha, wakakumbatiana, watu wakashangilia huku wakifuta machozi. Mimi nililia kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeuona ule mkasi vizuri. Mpini wake ulikuwa umefungwa utepe mwekundu. Alikuja nao anikabidhi mbele za watu.

Kesho yake nilikwenda na shikamoo ya chinichini. "Marahaba," akaitikia, kisha akasema, "Kubana nguo si kosa, Tekla, inafumuliwa. Uliniambia amechuchumaa."

Miaka imepita. Mama alipohamia Kidatu kwa Fidea aliondoka na mkasi wake, mimi akaniachia baiskeli. Juzi dada mmoja kaja na picha kwenye simu, ati ana haraka, nimpime fasta aondoke. Nikamwonyesha keria. Akinuna, anune, asiyepanda achukue kitambaa chake, nimeshaapa. Mkasi nimenunua mwingine, unakata vizuri tu. Ule wa Mama sitaudai kamwe, ila natamani siku moja aje aniulize tena kama mteja amechuchumaa, nimjibu nikimtazama machoni.