Tabita na Mkono wa Baba Mkwe

Tunduma ukitaja mwanamke anayechua watu, wenye midomo yao huanza kucheka kabla hujamaliza. Mji wa mpakani una akili yake. Kibao kimeandikwa "Masaji ya Kiswidi", mlango una pazia, madereva wa malori wanaingia wamejikunja na kutoka wamenyooka. Basi kijiweni hadithi imeshatungwa, na mwenye kibao amekwisha kuvuliwa heshima na watu ambao hawajawahi hata kuchungulia ndani. Tabita aliyasikia hayo kwa miaka mingi. Mwanzoni alilia. Baadaye akawa anawajibu, "Karibuni wote, mje na wake zenu," na wengine waliwaleta kweli, maana wanawake ndio waliokuwa na migongo mibovu zaidi.

Kazi yenyewe alifundishwa mwishoni mwa miaka ya themanini, akiwa binti wa kufagia na kuchemsha vyombo katika zahanati ya misheni kule Ileje. Alikuwapo muuguzi mmoja kutoka Uswidi, Sista Gunvor, mwanamke mrefu, mkali, asiyependa mchezo kazini. Huyo alipowaona akina mama wa Kindali wanavyowakanda wazazi waliotoka kujifungua kwa maji ya moto, akasema ni vizuri, ila na kwao kuna namna yake. Akamlaza Tabita kwenye meza akamchua mgongo, ili aijue kwanza raha yake ndipo aijue kazi yake. Tabita alisinzia palepale. Alipoamka aliona aibu, kwa sababu udenda ulikuwa umelowesha shuka la zahanati.

Namna hiyo ina utaratibu, si kushika-shika tu kama wasemavyo wa kijiweni. Mikono inaoshwa, inapashwa joto, inapakwa mafuta kidogo ya alizeti. Unaanza kwa kupitisha viganja polepole, mpapaso mrefu unaoelekea upande wa moyo, mpaka mwili uuzoee mkono wa mgeni. Halafu unakanda: unashika msuli, unauinua, unauminya, unauachia, kama mtu anayekanda unga wa maandazi. Palipojifunga fundo unaingia kwa kidole gumba, unasugua kwa miduara midogo bila haraka. Ndipo unagonga kwa ubapa wa mikono, mwepesi mwepesi, unatetemesha kidogo, kisha unamaliza kwa mpapaso uleule wa mwanzo. Sista Gunvor alimkataza kugusa mguu uliovimba wenye moto, au mtu mwenye homa, au jeraha bichi. Alimkataza pia kudanganya watu. Kuchua hakufufui kilichokufa, alisema. Kunatembeza damu, kunalegeza misuli, kunaleta usingizi, na kunamkumbusha mgonjwa kwamba bado ni mtu. Hilo la mwisho Tabita hakulielewa wakati ule.

Aliolewa na Ipyana, mwana wa Mzee Alinanuswe, katika ukoo wa Wandali waliohamia Hasamba, wilayani Mbozi, zamani wakapanda kahawa. Bei ya kahawa ilipoanguka na vijana wengi kukimbilia mpakani, na wao walikwenda. Ipyana alipata kazi ya kupakia na kupakua mizigo, Tabita akafungua chumba chake mtaa wa Sogea. Madereva waliokesha foleni wakingoja kuvuka walimpenda. Wale wa Zambia walimwita "bamayo", yaani mama, na walipoinuka kwenye kitanda wakigeuza shingo huku na huku walishukuru, "natotela, bamayo", kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Walifika wakiwa na jasho la kutoka Kongo, vumbi mpaka masikioni, na Tabita hakuwahi kumkunjia mtu uso.

Sasa kuna jambo ambalo mgeni hawezi kulielewa mpaka aambiwe. Kwa watu wa Ipyana, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Mke akisikia kikohozi cha mzee njiani, anaingia migombani na kugeuza uso mpaka apite. Hawasalimiani, hawapokezani kitu mkononi, hawasemezani. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, tena nzito kuliko zote, na anayeivunja husemwa kwamba anamletea mzee ugonjwa. Vijana wa mjini walishaanza kuiacha. Lakini Mzee Alinanuswe alikuwa mtu wa zamani, na Tabita alilelewa na bibi yake, kwa hiyo miaka yote ya ndoa alimjua baba mkwe wake kwa sauti na kwa mgongo tu. Mwiko huo katika ukoo ule ulikuwa na njia moja ya kuisha: mzee mwenyewe atamke kwamba amemfungua mkwe wake, na neno hilo lipitie kwa mume.

Mwaka 2006, mvua zikiwa bado zinanyesha, Mzee Alinanuswe aliangushwa na kiharusi akiwa anapalilia. Hospitali ilimrudisha nyumbani akiwa hai, upande wa kulia umelala, kiganja kimejifunga ngumi. Daktari alisema achuliwe na kunyooshwa viungo kila siku, la sivyo mkono utakauka hivyo hivyo. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Binti yake, Nesta, alikuwa ameolewa Nanyala na alikuja siku mojamoja. Ipyana na Tabita wakafunga chumba cha Sogea wakarudi Hasamba.

Hebu fikiria adha hiyo. Ndani ya nyumba amelala mzee anayehitaji kuchuliwa, na jikoni, ukuta mmoja tu katikati, ameketi mwanamke anayeijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote wa Mbozi nzima, na hawezi kuingia. Tabita alisikia mzee akiguna kila alipogeuzwa. Mikono ilimuwasha. Usiku ule wa kwanza alimwambia mumewe, "Baba Anyelwisye, mimi siwezi kumgusa baba. Lakini wewe naweza kukugusa."

Anyelwisye alikuwa mtoto wao, anayesoma bweni Vwawa. Na hivyo ndivyo walivyofanya. Kila asubuhi Ipyana aliketi kwenye kigoda jikoni, Tabita akamshika mkono wa kulia akauchua kuanzia kwenye vidole, akimwonyesha wapi pa kupapasa na wapi pa kuminya. Kisha Ipyana aliingia chumbani na kumfanyia babaye vilevile kabla mkono wake haujasahau. Mwanzoni alikuwa mzito, mikono ya kubeba magunia ya saruji.

"Aa! Unanichua au unanivunja?" mzee alilalamika, maneno yakitoka kwa shida upande mmoja wa mdomo. "Mwambie fundi wako akufundishe upya!"

Tabita jikoni alisikia kila neno. "Mwambie baba," alisema, "apumue, asijikaze."

"Baba, anasema upumue, usijikaze," Ipyana alirudia.

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie napumua."

"Anasema anapumua."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, na Tabita akabana khanga mdomoni asicheke kwa sauti. Siku zikaenda hivyo. Ipyana alijifunza, na mikono yake ikawa myepesi. Vidole vya mzee vikaanza kuachia, kimoja kimoja. Akalala usingizi usiku. Ikafika siku akashika kikombe cha uji mwenyewe, kikatetemeka, lakini hakikuanguka. Tabita aliposikia kikombe kinawekwa mezani salama, alimshukuru Mungu kwa sauti bila kujali anayemsikia. Hakuwahi kuwa na furaha kubwa kama hiyo tangu ajifungue.

Mwezi wa saba baridi ya Mbozi iliingia kwenye mifupa. Siku moja Ipyana alipeleka kahawa Vwawa. Alimchua babaye alfajiri, akamwachia uji kwenye chupa ya chai, akaondoka. Tabita alikuwa jikoni anachagua maharage aliposikia mzee anaguna. Msuli wa mkono ulikuwa umekaza kwa baridi, aliujua mguno huo. Aliacha maharage akasimama, akiomba Mungu Ipyana arudi. Mara sauti ikatoka chumbani.

"Mama Anyelwisye."

Alidhani amesikia vibaya.

"Mama Anyelwisye, njoo ndani, mama. Mkono unaniuma. Njoo."

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwita. Jambo alilowaza Tabita, na mwanamke yeyote aliyelelewa kama yeye angewaza hivyo hivyo, ni kwamba akili ya mzee imeondoka. Kiharusi kimerudi, hajui tena anamwita nani. Akiingia, atakuwa amemvua mzee heshima yake saa ambayo mwenyewe hawezi kuilinda. Alijifunika khanga kichwani, akatoka mbio kupitia migombani mpaka kwa jirani, Mzee Abrahamu, akamwomba kwa machozi aende kumshika baba mkono. Alikimbia kwa heshima. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye yeye mwenyewe hakutaka kulikubali.

Abrahamu alikwenda. Alimkuta mzee ameutoa mkono nje ya blanketi, umenyooshwa kuelekea mlangoni. Alipomwona Abrahamu, mzee aliurudisha ndani polepole.

"Nimeambiwa unaumwa mkono," Abrahamu alisema.

"Basi," mzee alijibu, akageukia ukutani.

Jioni Tabita alimsimulia mumewe yote, akimwambia kwamba baba amezidiwa, anaita watu asiowajua. Ipyana alisikiliza akiwa ameshika kofia yake. Aliingia kwa babaye, wakazungumza kwa sauti ya chini ambayo Tabita hakuipata, na alipotoka alisema tu kwamba mzee amechoka. Kesho yake Mzee Alinanuswe alikataa kuchuliwa. Keshokutwa yake pia. Kiharusi cha pili kilimjia kabla ya Jumapili, na hicho hakikumrudisha.

Msibani Tabita aliketi na wakwe wengine, akalia kama inavyotakiwa. Alihuzunika, lakini alikuwa na amani moyoni. Alijua wamejitahidi, tena wanawake wenzake walimsifu kwamba pamoja na taabu yote ile hajawahi kuvuka mlango. Alizipokea sifa hizo.

Siku ya kuanua tanga, watu walipoanza kutawanyika na Nesta alipokuwa anawasindikiza wageni barabarani, Ipyana aliingia jikoni, akasimama mlangoni.

"Mama Anyelwisye. Baba alikuwa amekufungua."

Tabita alikuwa anaosha masufuria. "Amenifungua lini?"

"Tangu alipoweza kushika kikombe. Aliniambia nikwambie uingie mwenyewe. Alisema mikono hii anaijua sasa, anataka kumwona mwenye nayo."

"Na wewe hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Kwa nini, Ipyana?" Ilikuwa mara ya kwanza amwite kwa jina tangu wamzae Anyelwisye.

Ipyana alifuta uso kwa kiganja. "Tangu nikiwa mdogo baba hakuwahi kukaa na mimi. Shamba, amri, basi. Asubuhi zile alikuwa ananisimulia mambo, ujana wake, mama yangu. Nikaona ukiingia wewe, mimi nitabaki wa kupeleka uji. Nikasema nitakuambia baada ya mavuno."

Hasira ilimpanda Tabita, lakini aliizuia, kwa sababu alikuwa anamwona mtu mzima analia kama mtoto. Kulikuwa na jambo jingine alilotaka kulijua kwanza.

"Siku ile niliyokimbia. Ulipoingia kwake, alikwambia nini?"

"Tuyaache hayo."

"Alisema nini?"

Ipyana aliangalia chini. "Alisema, 'Usimgombeze. Nadhani harufu yangu imemshinda.'"

Sufuria lilimtoka Tabita mkononi. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Mashuka yake alikuwa anafua nani?"

"Wewe."

"Kila siku. Na zile nguo za usiku, nani alikuwa anazifua kabla hakujapambazuka, ili asione aibu zikiwa zimeanikwa?"

"Wewe, mama."

"Yeye alidhani ni nani?"

"Alidhani ni Nesta, akija."

Tabita aliketi sakafuni, kwenye maji yaliyomwagika. Hakulia kama alivyolia msibani, kwa adabu na khanga mdomoni. Alipiga kelele, akimwita mzee arudi amsikilize, hata Nesta akakimbia kutoka barabarani kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumwambia.