Mkataba wa Mheshimiwa Eufrazia

Mimi ni karani. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Bagamoyo wakiniona nimebeba mafaili ya Mheshimiwa huniita katibu, wengine msaidizi, wengine mpambe, na hilo la mwisho linanikera sana. Jina langu Sufiani. Nimepiga chapa katika ofisi ya Wakili Eufrazia Majaliwa kwa miaka kumi na tisa, tangu ilipokuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Nilimzoea hivi kwamba nikisikia tu viatu vyake ngazini nilijua kama ameshinda kesi au amebwagwa.

Eufrazia ni mtoto wa Kiwangwa. Baba yake alikuwa mwalimu aliyelima mananasi kila alipotoka darasani, na binti akasomeshwa sheria kwa mananasi hayo hayo. Angeweza kubaki Dar es Salaam na wenzake wenye ofisi za viyoyozi. Akarudi. Nilipomuuliza sababu aliniambia kwamba kule hakupata watu wa kubishana naye vizuri.

Jina lake lilipanda kwa kesi ya Bi Mize. Huyu ni mjane wa Kiwangwa, mwenye ekari sita za mananasi na ulimi unaokwaruza kuliko majani yake. Marehemu mumewe hajamaliza arobaini, shemeji mtu, Abdulwahab, akaibuka na karatasi ya mauziano akidai aliuziwa shamba lote. Kila mtu alijua ile karatasi ni ya uongo, lakini mahakamani kujua peke yake hakutoshi. Wakili akaipindua, akaipindua tena, kisha akasimama na kusema haikulipiwa ushuru wa stempu, kwa hiyo haipokeleki kama ushahidi. Hakimu akakubali. Madai ya Abdulwahab yakafia palepale.

Nje ya mahakama Bi Mize alikuwa bado anashangaa. "Yaani mwanangu, umeshinda bila hata kumwambia ni mwongo?"

"Bi Mize," Wakili akacheka, "karatasi isiyo na stempu ni ya kufungia karanga. Shika hilo."

Bi Mize akairudia ile kauli mara mbili, kama mtu anayekariri namba ya simu.

Miaka kumi baadaye wazee wa kata zetu wakamshawishi Wakili agombee ubunge. Mikutano ya kwanza ilikuwa aibu tupu, nasema kweli. Wenzake wanaahidi lami hadi mlangoni kwa mtu, yeye anapanda jukwaani na kusema: "Nitajitahidi kuleta maji, kwa kadiri hali itakavyoruhusu, na bila kuathiri haki za mtu mwingine yeyote." Watu wakapiga miayo. Kule Vigwaza mama mmoja aliniuliza kama mgombea wetu anaumwa.

Ndipo akapata wazo lake, tulipofika Kiwangwa. Akasema yeye hajui kuahidi kwa mdomo, anajua kuandika mkataba. Akaniagiza nikae mezani nichape palepale: kifungu cha kwanza maji ya bomba, cha pili hati za kimila za mashamba, cha tatu banda la kukusanyia mananasi lenye paa, ili akina mama wasikae juani wakisubiri malori. Watu wakaanza kuchangamka. Bi Mize akanyoosha mkono.

"Adhabu iko wapi? Mkataba bila adhabu ni barua ya mchumba."

Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Husseni, akauliza adhabu gani. Bi Mize akajibu bila kufikiri: hata kimoja kisipotimia, Mheshimiwa atakuja kupalilia shamba lake siku tatu, kwa mkono wake, watu wakimtazama. Kikaandikwa kifungu cha nne. Wakili akatia sahihi, wanakijiji wakaweka dole gumba. Nakala moja nikarudi nayo ofisini, nyingine akachukua Bi Mize kwa niaba ya wakulima. Siku ya uchaguzi kura za Kiwangwa zilimwagika zote upande wetu, tukashinda.

Huko Dodoma alianza kwa kujikwaa. Siku ya kwanza kusimama bungeni, mazoea yakamponza, akamwita Spika "Mheshimiwa Hakimu". Ukumbi mzima ukacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Baada ya hapo alikuwa moto. Maji yakafika Kiwangwa mwaka wa pili. Hati za kimila zikatoka mwaka wa tatu, na Bi Mize akaitundika yake ukutani juu ya picha ya marehemu. Banda sasa. Banda halikujengwa. Hakuna aliyelila wala aliyelizuia. Mheshimiwa aliingizwa kwenye kamati, kamati ikawa na safari, safari zikazaa safari, na banda lenyewe akalisahau. Nilimkumbusha mara mbili. Ningemkumbusha mara ya tatu, lakini nami nilishaanza kupenda posho za safari, na hili ninaliandika kwa haya.

Miaka mitano ikaisha. Wiki mbili kabla ya kura za maoni za chama ikaja barua ya Mzee Husseni: Mheshimiwa anaitwa Kiwangwa kujibu mkataba wake. Wakati huo Adrian, mkandarasi mwenye tabasamu refu, alikuwa tayari anapita vijijini akiitaka nafasi yetu. Kiwangwa ikituponyoka, ubunge umekwenda.

Mheshimiwa aliutoa mkataba kwenye faili, akaupindua kama alivyoipindua ile karatasi ya Abdulwahab.

"Kaka Sufiani, huu uliulipia stempu?"

Kulipia stempu ilikuwa kazi yangu. Nilidhani ule mkataba ni mchezo wa kampeni tu, sikuupeleka. Nikasema, "Hapana, Mheshimiwa." Nilitegemea kugombezwa. Badala yake alitabasamu, akaurudisha kwenye faili, na lile tabasamu sikulipenda hata kidogo.

Mkutano ulikuwa ndani ya ghala la korosho, watu hadi madirishani. Mzee Husseni akasoma vifungu kimoja kimoja. Maji? Wakaitikia, yapo. Hati? Zipo. Banda? Halipo. Bi Mize alikuwa mstari wa mbele, mkoba wake mapajani, mikono miwili juu ya mkoba.

Mheshimiwa akasimama. "Mwenyekiti, kabla sijajibu, kuna jambo la kisheria kuhusu karatasi hii."

Nikainamisha kichwa. Nilijua sentensi inayofuata, niliichapa mara ngapi! Lakini haikuja. Nilipoinua macho, alikuwa anamtazama Bi Mize, na Bi Mize anamtazama yeye.

"Ni jambo dogo," akasema hatimaye. "Tuliache. Banda sikulijenga, na sina wa kumsingizia. Nakiri kosa."

Mtu nyuma akapiga kigelegele, wakadakia wengine. Sikuwahi kuona mshtakiwa akishangiliwa hivyo.

Adhabu ilianza kesho yake. Mheshimiwa alivaa kanga mbili na viatu vya mpira vya kuazima, akaingia kwenye matuta. Majani ya nanasi hayajui mbunge, yalimchanachana mikono hadi viwiko. Watu walikuja kutoka Kaole kumtazama. Adrian naye alipita na gari, akapunguza mwendo, akaondoka bila tabasamu.

Siku ya tatu, jua linapanda, Bi Mize alituletea uji. Akakaa kwenye tuta, akafungua mkoba wake, akatoa bahasha ya nailoni. Ndani mlikuwa na nakala yake ya mkataba, na nyuma yake stempu imegongwa, na risiti ya miaka mitano iliyopita.

"Nilikwenda mwenyewe wiki ile ile," akasema. "Si uliniambia isiyo na stempu ni ya kufungia karanga? Juzi ulipolitaja hilo jambo la kisheria, nilikuwa nimeishika hii humu ndani ya mkoba. Ungeendelea, ningekuumbua mbele ya watu wote. Nilikuwa naomba, mwanangu. Nilikuwa naomba Mungu usiendelee."

Mheshimiwa aliweka bakuli chini. Machozi yalimtoka, nami sioni haya kusema kwamba yangu yalimtangulia. Kisha akajifuta kwa kanga, akaniambia nitoe daftari niandike mkataba mpya: kifungu kimoja tu, banda, ndani ya mwaka mmoja, la sivyo wiki nzima shambani.

"Na karani naye," Bi Mize akaongeza. "Huyu ndiye aliyesahau stempu, usoni naona."

Kura za maoni tulishinda, si kwa mbali. Kabla ya hapo mkataba mpya ulikuwa na stempu yake, nilikuwa mtu wa kwanza mlangoni kwa watu wa ushuru. Banda likaezekwa ndani ya miezi minane. Nilisimama pale kila siku ya kuezeka, nikikagua bati moja baada ya jingine, maana kifungu cha adhabu safari hii kina jina langu.