Sala Niliyoiiga Barazani kwa Baba

Mimi kuiga watu nimeanza tangu mtoto, na ndiko kulikonikosesha skuli.

Kijiji chetu cha mtoni, chini ya mji wa Garsen, karibu wote walikuwa Wakristo, wakulima. Sisi Waislamu nyumba chache tu. Skuli ilikuwa moja, ya misheni. Baba alienda kwa mwalimu, akamwambia: "Mfundishe binti yangu kusoma. Dini yenu usimtie." Mwalimu akakubali, na neno lake alilishika. Wakitaka kusali, mimi natolewa nje, nakaa kivulini.

Lakini ukuta wenyewe wa matete, jamani! Nasikia kila kitu. Na mwalimu alikuwa akisali kwa puani, anavuta kama aita ng'ombe: "Baaaba yeeetu uliye mbinguniii..." Ikanikaa.

Siku moja, hata jina langu sijajua kuandika, wazee wetu wako barazani na kahawa yao. Nikawapigia ile sala, macho nimefumba, mpaka amina. Nangoja wacheke. Wakaweka vikombe chini.

Jirani yetu, sauti yake ya chura, akamgeukia baba: "Waona? Wangu alirudi na jina la kizungu. Wako karudi na sala. Hawa watatuzika kwa kengele!"

Baba akaniuliza, "Ni mwalimu kakufunza?" Nikaona haya kusema nilikuwa nadukiza. Nikaokota vikombe vyao, nikaingia ndani.

Kesho yake watoto wa Kiislamu sote tukatolewa skuli. Wazee wakaenda kwa Bwana DC, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kudai skuli yetu wenyewe. Naye: "Ngoja kidogo, wazee. Serikali nafikiri." Serikali ikafikiri miaka.

Siku zile zile tulipotolewa, mwalimu wa misheni alikuja nyumbani. "Mzee, sikumfundisha sala mimi. Muulize mwenyewe."

Baba akanitazama. Mama akanitazama. Mimi nikashika mchi, nikatwanga mpunga wangu, twa, twa, kama sikusikia. Mwalimu akaenda zake. Baba akasema, "Mwongo yule," na mpaka anakufa hakumpa mkono tena.

Skuli yetu ilikuja, wazee hawakuchoka. Na haki walikuwa nayo, mtoto wa jirani jina alibadilishwa kweli. Lakini wakati inafunguliwa mimi nina mume, na mtoto mgongoni.

Huyo mtoto alipokua nikampeleka kuandikishwa. Mwalimu wa Kiislamu, kijana, mpole: "Mama, tia sahihi hapa."

Nikamtolea kidole gumba.