Maji ya Puani

Katika nyumba zetu za kupanga pale Lewisville, Marekani, hospitali ilikuwa mimi. Wakenya wenzangu walinipigia simu kabla ya kumpigia daktari, kwa kuwa mimi ni nesi, na nilipenda sana kupigiwa. Nikipokea, hata sauti ilinenepa.

Binti yangu alikuwa na miaka saba alipoanguka kutoka kitanda cha juu, akagonga paji la uso. Nilimmulika machoni kwa tochi ya simu, nikamuuliza yuko darasa la ngapi, nikamwekea barafu. Nikatangaza kwamba hana neno.

Siku tatu baadaye, alipoinama kufunga kamba za viatu, maji maangavu yalimdondoka kutoka tundu moja la pua. Akalamba mdomo.

"Mum, it's salty."

"Chumvi gani? Wacha uchafu! Ni allergy tu, huku kila mtu anayo."

Nikampa dawa ya aleji, na kila alipovuta pua nilimkaripia. Mganga hajigangi, na mimi hata sikuwaza kumuuliza mganga mwingine.

Jumapili aliamka na homa kali, akaniomba nifunge mapazia. Nilikuwa tayari nimevaa sare ya kazi. Nilipojaribu kuinamisha kichwa chake kidevu kifike kifuani, alipiga ukelele. Shingo ilikuwa imekakamaa. Hapo nikajua ni homa ya uti wa mgongo. Nikambeba hadi kwenye gari, nikamkimbiza hospitali.

Daktari aliuliza kama mtoto aligonga kichwa. Nikakubali. Akaitazama sare yangu, akauliza kama kuna maji yaliyomtoka puani.

"No," nikasema.

Mtoto wangu anakufa, na mimi naona haya mbele ya daktari. Binti yangu akafumbua macho kidogo.

"Yes, Mum. The salty water. Remember?"

Mfupa nyuma ya pua ulikuwa umepasuka. Yale yalikuwa maji ya ubongo, na vijidudu vilipanda kwa njia hiyohiyo hadi kwenye utando wake. Walimtundikia dawa za mshipani papo hapo. Alipona, ila sikio la kushoto halikusikia tena.

Wenzangu bado hunipigia. Huwaambia wampeleke mgonjwa hospitali, halafu nakata simu. Sijamweleza yeyote sababu, na wanasema siku hizi nina maringo. Binti yangu huwa ameketi hapo mezani, amenigeuzia sikio lake zima. Husikia yote, na hajawahi kunisema.