Geti la Reli

Hebu mwone mlinzi wa geti la reli anavyokuja, bendera kwapani, filimbi mdomoni. Reli zenyewe ziling'olewa zamani zikauzwa vyuma chakavu, lakini kila asubuhi yeye hushusha geti, na magari yote husimama, ingawa pembeni pana uwanja mtupu wa kupita hata lori. Leo kwenye teksi yumo binti yake, uchungu umemshika.

“Baba, fungua, najifungua!”

“Vumilia, mwanangu. Treni haijapita.”

“Haipo, baba!”

“Ndiyo maana imechelewa.”

Dereva akazima injini, kama wenzake. Mzee akatazama kushoto, akatazama kulia, jasho likimtiririka, mkono kwenye kamba ya geti. Mara kichanga kikalia garini. Mzee akapuliza filimbi, akainua geti.

“Imepita!”

Nawe, msikilizaji wangu, ungekuwa dereva, ungezunguka?