Hodi ya Tatu

Dada yangu alishasema, na akisema amesema: atakwenda kumsikiliza mwanawe akiimba, mara moja tu. Asiporidhika, marimba yanarudi Mlali kwa baba zake wadogo, na mtoto anarudi kwenye uhasibu wake chuoni. Mimi nilikuwa nimetoka Korogwe kuja kupumzika kwake Nkuhungu, hapa Dodoma, si kuamua kesi. Lakini ndiyo hivyo, ukizaliwa mdogo unabebeshwa.

"Ma'mdogo, wewe mlete tu," mtoto aliniomba jikoni, huku anachambua mlenda. "Akifika, mengine niachie mimi."

Marimba yenyewe ni kisanduku cha mbao chenye vyuma vyembamba, unavidonoa kwa vidole gumba. Aliyachonga marehemu shemeji yangu, baba wa mtoto, Mgogo wa Mlali. Mpole yule, fundi wa nyimbo, ila mfukoni hamna kitu. Kila harusi aliitwa, na kila harusi alirudi na shibe tu. Dada ndiye aliyekaanga vitumbua mpaka nyumba ikasimama. Sasa mwambie mtu kama huyo kwamba mwanawe naye anataka kuishi kwa marimba! Simlaumu. Hata mimi ningefoka.

Onesho lilikuwa Mkonze, uwani kwa mtu, jioni jua likiwa halijazama. Viti vya plastiki, mikeka, juisi ya ubuyu. Watu wachache, wengi vijana wa chuo na wafanyakazi wa ofisini waliohamia huku, wamevaa masweta maana upepo wa Dodoma hauna cha mgeni wala mwenyeji. Mwenye nyumba akasimama akatuambia hapa si baa: tuzime simu, tusiongee, tuwaheshimu wasanii. Haya. Tukanyamaza kama tuko kwenye mtihani.

Mtoto akatoka na kijana mmoja wa gitaa. Akaanza na nyimbo zake mwenyewe, za Kiswahili, taratibu, za mtu aliyepanga chumba na kukumbuka kwao. Nilizipenda mno. Dada amekumbatia pochi, uso hausomeki.

"Zinasikika," akasema. Basi.

Kisha mtoto akadonoa wimbo wa baba yake, nami naujua. Ni wimbo wa hodi. Shemeji alikuwa akiuimba jioni akirudi nyumbani, tangu kule kwenye kona. Anauliza kwa Kigogo: wa humu ndani, mpo? Na dada, Msambaa wa watu aliyekijua Kigogo kwa mapenzi, anaitika kutoka jikoni: tupo, pita. Hapo ndipo wimbo unaendelea. Usipoitikiwa hauna pa kwenda. Ni kama hodi yoyote ile, ukipiga ya tatu bila jibu unaondoka zako. Tangu tumzike shemeji, sikuwahi kumsikia dada akiuimba.

Mtoto akaita. Kimya. Watu wamebana midomo, wengine wamefumba macho kabisa kwa heshima. Akazungusha vidole, akaita tena. Kimya. Sauti ikaanza kumtetemeka. Kijana wa gitaa, Kigogo hakijui, anamtazama tu. Nikataka kuitika mimi, nikajizuia. Kusema kweli, ile haikuwa hodi yangu.

"Hivi nyie kwenu hamkufundishwa?" Dada huyo, amesimama, pochi imeanguka. "Mtu anapiga hodi mara mbili mnamkodolea macho!"

Mtoto akamgeukia mama yake, akaita ya tatu.

Dada akaitika. Sauti ileile ya jikoni, imekwaruza kidogo. Mwenye nyumba akafungua mdomo, akaona heri anywe juisi yake. Mtoto akaita, mama akaitika huku anawapungia watu mkono wamfuate, na uwanja mzima ukaitika kwa Kigogo cha kuchechemea.

"Usikimbie hapo!" dada akamkemea mtoto katikati ya wimbo. "Baba yako hakukimbia hapo!"

Watu wakacheka. Mimi nalia, machozi na makamasi, wala sikuona aibu.

Wimbo ulipokwisha, dada alikwenda mbele, akayachukua marimba mikononi mwa mtoto, akayafunga kwenye khanga yake. Tukapanda bajaji watatu, na njiani nikashindwa kuvumilia.

"Dada, kwa hiyo yanarudi Mlali?"

"Yanarudi kesho asubuhi."

Mtoto akageuza uso akatazama nje.

"Vyuma vimelegea," dada akaendelea. "Hamna masikio? Baba yake mdogo avikaze, Jumamosi yawe yamefika hapa."

Mtoto akamshika mkono. "Mama, Jumamosi tunaimba mbali. Usijisumbue kuja."

"Hebu niondolee upuuzi. Nisipokuja nani atakuitikia? Wale?"